Mpangaji wa Binti Yake

Karatasi ilirudishwa Alhamisi, saa nne kasorobo asubuhi. Kalathoumi alikuwa amezalisha watoto wa watu kwa miaka ishirini na mbili bila kurudishiwa hata mmoja, kwa hiyo hakuipokea vizuri.

"Haina kosa hii," alimwambia afisa aliyekaa nyuma ya dirisha.

"Ina moja tu, Bibi. Lakini ni kubwa."

Afisa huyo aliitwa Bwana Rasolo, mtu wa nyanda za juu, mwembamba, miwani puani, na Kifaransa chake kilipigwa pasi kama shati lake. Nusu ya makarani wa Mahajanga walikuwa na mtoto aliyepokewa na mikono ya Kalathoumi, na kwa ajili hiyo milango mingi ya serikali ilimfungukia kabla hajabisha. Wa Bwana Rasolo walizaliwa mbali. Hakuwa na deni la fadhila kwa mkunga yeyote wa pwani, na alionekana kuifurahia hali hiyo.

Ulikuwa mwaka wa saba wa uhuru wa Madagaska. Ofisi ya wageni ilikuwa na bendera mpya, viti vya zamani, na foleni iliyofika hadi uani. Kalathoumi hakuondoka dirishani.

"Lisome basi hilo kosa."

"Umeandika kwamba mwenyeji wa mgeni ni wewe."

"Ndiyo mimi."

"Na mahali pa mwenye nyumba umeandika Hayrat Mohamadi."

"Ndiyo mwanangu."

"Basi nyumba si yako."

"Nimekaa humo miaka tisa. Kila msumari uliomo naujua."

"Kukaa si kumiliki, Bibi. Hati ya mwenyeji inasainiwa na mwenye nyumba, au na mpangaji mwenye mkataba. Wewe ni yupi kati ya hao wawili?"

Swali hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa Tanambao tangu mtaa uanze. Kwa watu wao, wenye asili ya Ngazija, nyumba ni ya mtoto wa kike. Msichana akifika miaka saba, minane, baba yake huanza kununua mawe. Akifika umri wa kuolewa, nyumba iko tayari, na mume ndiye anayehamia. Mohamadi, mumewe Kalathoumi, Mungu amrehemu, aliijenga ile ya Tanambao kwa mikono yake na kuiandikisha kwa jina la Hayrat hata kabla ya kuiezeka. Wote walikaa humo, na hakuna aliyefikiri kwamba anakaa kwa mtu.

"Hili ni jambo jepesi," Bwana Rasolo alisema. "Binti asaini yeye."

"Binti ndiye mchumba wa huyo mgeni."

"Vizuri zaidi."

"Si vizuri hata chembe." Kalathoumi alishusha sauti, maana foleni ilikuwa imeacha kuongea. "Kwetu mwanamume kuingia nyumbani kwa mwanamke ndiyo ndoa yenyewe. Huingizwa mchana, kwa ngoma, mtaa mzima ukitazama. Mwanangu akisaini kwamba anampokea fulani nyumbani kwake siku thelathini, ni sawa na kubandika tangazo msikitini kwamba harusi imeshapita na hakualikwa mtu."

"Basi asaini mwanamume wa ukoo. Kaka yako."

"Kaka yangu anakaa kwa mkewe."

"Ami yake?"

"Kwa mkewe."

Bwana Rasolo alivua miwani. "Wanaume wenu hawana nyumba?"

"Wana za wake zao. Mimi nyumba ninayo, niliachiwa na mama yangu, lakini iko Hell-Ville, kisiwani Nosy Be."

"Mgeni afikie huko, tumalize."

"Huko anakaa Hayrat. Serikali imempeleka kufundisha shule ya wasichana."

Afisa alihesabu kwa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta upande gani wa kitambaa ndio wa nje. "Mama yumo katika nyumba ya binti. Binti yumo katika nyumba ya mama."

"Umeelewa."

"Nimeelewa, lakini sina fomu yake. Mfuko wa barua za Nairobi unaondoka tarehe kumi Julai. Ukiniletea hati iliyo sawa kabla ya hapo, itakwenda. Baada ya hapo, mchumba wenu atapata viza akiwa na mvi."

Aliipiga ile karatasi muhuri mwekundu wa kukataliwa na kumwita aliyefuata.

Mchumba mwenyewe aliitwa Athoumani, na alikuwa mtu wa Mombasa. Miaka miwili nyuma alikuwa fundi mitambo wa meli iliyoharibikia Hell-Ville. Ikakaa siku kumi na tisa ikingoja kipuri. Siku ya nne alisikia pampu ya maji ya shule ya wasichana ikikohoa, akaingia na spana zake bila kuitwa. Aliyetoka darasani kumuuliza yeye ni nani alikuwa Hayrat. Tangu hapo waliandikiana barua, yeye kwa Kiswahili cha kwao, Hayrat kwa Kingazija alichokivuta kuelekea Kiswahili, kila mmoja akimfuata mwenzake nusu ya njia. Posa ililetwa kwa heshima zote, kwa barua ya wazee wa Mombasa. Kalathoumi aliijibu kwa mistari miwili: mwanangu simwozi kwa posta, aje nimwone.

Sharti lilikuwa lake mwenyewe, na sasa lilikuwa limemgeukia. Athoumani alipokuwa baharia, meli ndiyo iliyokuwa ruhusa yake. Sasa alikuwa na kazi ya nchi kavu, karakana ya bandarini, na mtu wa nchi kavu huombewa viza. Alikuwa na likizo ya wiki sita kuanzia Agosti, aliyoilimbikiza miaka miwili, na nyingine asingeiona mpaka miwili mingine ipite. Na Hayrat, mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa ameandika kutoka Hell-Ville kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Akishindwa kuja Agosti, nitakwenda mimi.*

Kalathoumi alimjua binti yake. Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Angepanda meli peke yake, bila mjomba wala shangazi, akaolewe ugenini kama mtoto wa kuokota, na nyumba ya Mohamadi ibaki na mjane na popo.

Jioni hiyo alikwenda kwa kaka yake, Soilihi, yaani kwa Charifa, mke wa Soilihi. Charifa alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Ningependa kusaidia, wifi," alisema. "Lakini nyumba yangu ni ndogo."

Nyumba ya Charifa ilikuwa na vyumba vitano. Lakini Charifa pia alikuwa na mpwa, Fahardine, karani wa forodha, aliyekuja kumposa Hayrat mwaka uliotangulia. Alikuwa amekaa barazani kwa Kalathoumi, akaagiza maji kwa sauti bila kunyanyuka, na Kalathoumi akamwonyesha njia kabla chai haijapoa. Kikombe hicho Charifa alikuwa hajakisahau.

"Subirini tu," Soilihi alisema. Alikuwa mkubwa wa Kalathoumi kwa miaka sita na mpole kwa miaka mia. "Mwenye subira ana..."

"Mwenye subira ana mvi. Nimeambiwa leo." Kalathoumi alisimama. "Afisa amesema mwenye nyumba au mpangaji. Nitakuwa mpangaji."

"Wa nani?"

"Wa Hayrat."

Charifa aliacha mchele. Soilihi alimtazama dada yake kama aliyesema anakwenda kuuza samaki uchi.

"Kala, dada yangu. Wewe ulipe kodi kwa mtoto uliyemzaa? Katika nyumba ya Mohamadi? Watu watasema nini?"

"Watasema Kalathoumi ni mpangaji. Hawatasema Hayrat ameingiza mwanamume. Kati ya maneno hayo mawili, la kwanza nalibeba bila kata."

"Mimi sitaki kulisikia."

"Basi usilisikie. Nitarudi wiki ijayo."

Aliomba ruhusa ya siku tisa hospitalini, akafunga kikapu, na kupanda gari la abiria la kaskazini. Safari ilichukua siku tatu, mito minne ya pantoni na pancha mbili, na njiani alimzalisha mke wa mwenye mkahawa huko Antsohihy kwa sababu alikuwepo. Ankify, kwenye kivuko cha kwenda kisiwani, alikuta boti imejaa. Alimwambia nahodha kwamba nafasi ipo akihamisha yale magunia ya kahawa, na nahodha akayahamisha.

Hayrat alimkuta mama yake jikoni, katika nyumba ya mama yake, akikagua sufuria.

"Hii imeungua chini."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Chukua kalamu."

Alimweleza yote huku akila wali uliobaki. Walifanana mpaka kukunja uso. Mama alipomaliza, binti alicheka kidogo, akajifuta macho, akavuta daftari lenye mistari na kuandika juu kabisa kwa Kifaransa safi: *Mkataba wa Upangaji.*

"Kodi?" aliuliza.

"Faranga moja kwa mwezi."

"Nyumba ya mawe, karibu na msikiti? Mama, unanipunja."

"Bati linavuja upande wa jiko. Andika."

Hayrat aliandika. Sharti la kwanza lilikuwa nyumba, la pili kodi, la tatu risiti, la nne kwamba mpangaji ana haki ya kupokea wageni wake. Kalathoumi alilisoma hilo la nne mara mbili akaridhika. Alinyoosha mkono achukue daftari asaini, lakini Hayrat hakuliachia. Aliandika mstari mwingine, akaligeuza daftari upande wa mama yake.

*Sharti la tano: Mpangaji hatamwondoa mgeni nyumbani kabla ya siku thelathini kwisha, kwa sababu yoyote, isipokuwa wizi, ulevi au matusi.*

"Hii ni nini?"

"Ni Fahardine."

"Fahardine alistahili."

"Sikatai. Mimi mwenyewe nisingemtaka hata angepiga magoti kuomba maji. Lakini hakumaliza kikombe, Mama. Yule wa kabla yake hakuvua hata viatu. Umesema aje umwone. Nataka umwone. Kumwona mtu si kumtupia jicho mlangoni kama unayekagua kuku."

"Mimi huhitaji dakika tano kumjua mtu."

"Kwa watoto wachanga, sawa. Huyu ana miaka thelathini na moja. Mpe siku thelathini."

Kalathoumi aliweka kijiko chini. Dirishani iliingia harufu ya maua ya ilangilangi yanayopikwa viwandani kwa manukato, nzito na tamu, ambayo kwa utoto wake wote ilimuumiza kichwa. Boti ya Ankify ilikuwa inaondoka asubuhi. Tarehe kumi haikuwa mbali.

"Na nikikataa kusaini?"

"Utapata mpangishaji mwingine wapi?"

Ni kweli, hakuwa na mwingine. Lakini Kalathoumi hakuwa mtu wa kusaini upande mmoja. Alichukua kalamu mwenyewe akaandika chini yake, kwa herufi kubwa za fomu za hospitali:

*Sharti la sita: Mwenye nyumba hataingia nyumbani wala mjini Mahajanga maadamu mgeni yumo, mpaka aitwe na mpangaji kwa maandishi.*

"Mama. Ni likizo ya shule. Ndiyo nafasi yangu pekee ya kumwona."

"Nami ndiyo nafasi yangu pekee ya kumwona bila wewe kumsimamia na kumpa majibu. Siku thelathini zangu ziwe zangu kweli."

Hatimaye Hayrat aliongeza la saba, kwa ajili ya utaratibu tu: mpangaji akitaka kuhama, atoe taarifa ya mwezi mmoja. Wakasaini. Asubuhi walibandika stempu na kupeleka mkataba manispaa sahihi zithibitishwe. Karani wa huko aliusoma, akauliza kama hawa ni mama na mwana kweli.

"Bahati mbaya, ndiyo," Hayrat alisema.

Bandarini alimpa mama yake risiti ya Julai, faranga moja, imelipwa.

Tarehe nane Julai, Kalathoumi alisimama tena mbele ya Bwana Rasolo. Afisa alisoma mkataba kuanzia juu. Alipofika katikati alipunguza mwendo. Alipofika la sita alirudi la tano.

"Miaka kumi na moja niko katika kazi hii," alisema. "Sharti kama hili sijapata kuliona."

"Hujapata kumwona binti yangu."

"Na kodi ni faranga moja?"

"Bati linavuja."

"Risiti?"

Aliitelezesha chini ya dirisha. Bwana Rasolo aliiinua kwenye mwanga, akaitazama mbele na nyuma, kisha akamtazama mwanamke aliyevuka mito minne ili kuileta. Aliandika *mpangaji* mahali pa mwenyeji, akapiga muhuri wa buluu. Mfuko wa Nairobi ulichukua jalada siku mbili baadaye.

Simu ya maandishi ya Athoumani ilifika siku ya mwisho ya Julai: NIMEPATA NAPANDA MELI TAREHE PILI HESHIMA ZANGU MAMA.

"Maneno manane," Soilihi alisema, akimhurumia mgeni kwa ghafla. "Angalau si mwongeaji."

Alishuka tarehe saba Agosti, mrefu, mweusi wa kung'aa, na sanduku moja la nguo na jingine zito zaidi la vifaa. Alimbusu Kalathoumi mkono, akamwamkia vizuri, akala alichopewa, akalala chumba cha uani alichoonyeshwa. Mazungumzo hayakuwa mepesi. Kiswahili cha Mombasa na Kingazija cha Mahajanga ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali, na mara mojamoja ilibidi Soilihi, aliyewahi kufanya biashara Unguja, aingilie kati. Siku ya kwanza ilipita bila kasoro. Kalathoumi hakuamini siku za kwanza.

Siku ya pili alirudi kutoka hospitali saa tisa mchana. Soilihi alikuwa barazani na kahawa yake. Miguuni pake ulitandikwa mkeka, na juu ya mkeka, vikiwa vimepangwa kwa safu kama dagaa, vilikuwa vipande vya redio ya marehemu Mohamadi.

Mohamadi aliinunua redio hiyo mwaka mmoja baada ya uhuru. Ilikuwa imenyamaza miaka miwili sasa, ikikaa juu ya kabati chini ya kitambaa cha kufuma, na katika nyumba hiyo hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa isipokuwa Kalathoumi na vumbi.

"Nani kakwambia uifungue?"

Athoumani aliinuka mara moja, bisibisi mkononi. "Hakuna, Mama. Nilikuta haisemi."

"Vitu vingi humu havisemi. Utavifungua vyote?"

"Hapana. Nilipaswa kuuliza. Nisamehe." Kisha, badala ya kuinamisha kichwa akaishia hapo, aliuliza: "Nani alibadilisha betri mara ya mwisho?"

"Mimi."

"Uliziweka kinyume. Kisha ukaziacha humo humo, zikavuja, zikala nyaya. Redio yenyewe haikuwa na ubaya."

Soilihi alishusha kikombe taratibu sana, kama mtu aliye karibu na nyoka. Kwa miaka tisa katika nyumba hiyo, na kabla yake kwa maisha mazima, hakuna aliyemwambia Kalathoumi kwamba ameweka kitu kinyume. Mohamadi labda alifikiri hivyo mara mbili tatu, lakini alikuwa mtu wa busara.

Kalathoumi aliingia ndani. Alifungua mtoto wa meza, akautoa mkataba, akasoma sharti la tano akiwa amesimama. Wizi haukuwepo, kila skrubu ilikuwa juu ya mkeka. Ulevi haukuwepo. Alikaa kwenye neno la mwisho muda mrefu. Alilitafuta tusi katika maneno ya yule kijana, akayageuza huku na huku, na kila alipoyageuza alikuta betri, alizoziweka yeye, akiwa na haraka ya kwenda zamu, upande usiokuwa wake. Angekuwa Fahardine, angesema redio imezeeka.

Alitoka nje.

"Una siku ishirini na nane za kuifanya iseme."

"Itasema kesho, Mama."

Haikusema kesho yake. Wala keshokutwa. Siku ya tano Kalathoumi alimkuta amekaa mbele ya mkeka, mikono magotini. Hakungoja kuulizwa.

"Nilikosea," alisema. "Nilisema ni nyaya tu. Kumbe na spika imekufa. Nilijigamba kabla ya kuangalia."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Kalathoumi alikuwa amefanya kazi na madaktari watano, wawili wa kutoka Ufaransa, na kati yao wote alikuwa amelisikia neno *nilikosea* mara moja tu, tena kutoka kwa mmoja aliyekuwa akistaafu.

"Spika zinapatikana kwa Mhindi wa karibu na soko," alimwambia. "Usikubali bei ya kwanza. Wala ya pili."

Siku ya saba redio ilitoa mkwaruzo, kisha mtu akasoma bei ya kahawa kwa Kimalagasi, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Charifa. Charifa alikuja kuona. Alimtazama Athoumani, aliyekuwa juu ya paa wakati huo, upande wa jiko, akiziba bati.

"Ndiye mkwe mwenyewe huyo?" aliuliza. "Fundi wa mabati?"

"Mkwe bado," Kalathoumi alisema. "Fundi, ndiyo. Kaa unywe chai, wifi, na leo tutaimaliza."

Wakaimaliza. Na mgeni alipomaliza bati alishuka ngazi akajichotea maji mwenyewe mtungini, akachota na vikombe viwili zaidi, akawaletea. Charifa alipokea chake akitazama pembeni. Lakini alikunywa.

Siku ya kumi, baada ya sala ya adhuhuri, Kalathoumi aliketi na kuandika barua. Aliandika kwa herufi zilezile za fomu za hospitali, bila kufuta neno.

*Kwa mwenye nyumba, Bibi Hayrat Mohamadi, Hell-Ville.*

*Kwa mujibu wa sharti la saba la mkataba wetu, mpangaji anakupa taarifa ya mwezi mmoja kwamba anahama. Sababu: nyumba inahitajiwa na wenyewe. Mpangaji ataomba uhamisho wa hospitali na kurudi kwenye nyumba yake ya Hell-Ville, kwa hiyo na wewe jiandae kuihama, na ile sufuria iliyoungua uisugue kwanza. Ombi la uhamisho wako kuja shule ya huku liandike mwenyewe. Hilo si la mpangaji.*

*Kwa mujibu wa sharti la sita, unaitwa. Panda meli ya Ijumaa. Utafikia kwa mjomba wako Soilihi, si hapa, mpaka nikahi ipite na aingizwe kwa ngoma mchana kweupe. Charifa nimeshamwambia. Nyumba yake imekuwa kubwa.*

*Bati halivuji tena. Usije ukapandisha kodi.*

*Mgeni hajaiba wala hajalewa. Kuhusu matusi, bado nafikiri.*

Aliikunja, akaitia ndani ya bahasha, akaipeleka posta mwenyewe. Kutoka posta hakugeukia nyumbani. Alivuka barabara, akapita bendera na viti vya zamani, akaingia katika foleni. Safari hii aliifuata mpaka zamu yake.

Bwana Rasolo alimwona akaweka kalamu chini. "Bibi mpangaji. Mgeni amekushinda?"

"Hapana. Nataka orodha ya karatasi za mume. Za kukaa, si za kutembea."

Afisa alimtazama, halafu akavuta mtoto wa meza uliokuwa chini kabisa. Orodha ilikuwa ukurasa mzima, mbele na nyuma. Kalathoumi aliisoma palepale dirishani, akifuata kwa kidole, huku watu nyuma yake wakibadilisha mguu. Karatasi zilikuwa kumi na moja. Nane zilikuwa za kupatikana Mombasa, mbili hapohapo mjini. Iliyobaki ilikuwa ya nne kwenye orodha: hati ya mwenye nyumba.

"Hii tena," Bwana Rasolo alisema, akijiandaa. "Nani atasaini?"

"Mwenye nyumba," Kalathoumi alisema, akaikunja orodha. "Safari hii ni zamu yake."